Sahani za Granada

Rosettenville, Johannesburg
6 Januari 2025

Kwa mkwe wangu Ezéchiel,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku tumeuvuka mwaka salama, ingawa mvua ya mawe ilitoboa bati la karakana yangu siku ya Noeli, na cherehani niliiokoa kwa kuifunika godoro. Capitoline, yule jirani yangu Mrundi, amepata mjukuu wa kike, na tangu hapo mtaa mzima hatupumui. Hata muuza viazi hapiti bila kuonyeshwa picha. Dona Lurdes, mjane wa Kireno ninayemshonea magauni meusi, bado anakuja kila Jumamosi kugombana nami juu ya pindo. Tunaanza asubuhi na tunamalizia kwa kahawa. Afya yangu ni nzuri, magoti tu ndiyo yananisema.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Murielle ameniambia viza yangu imetoka. Katikati ya Februari nitakuwa kwenu Granada, nimsaidie binti yangu kujifungua. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mama mkwe hapayuki na mkwe wake kwenye simu, na wewe umelelewa, unalijua hilo.

Sitalala chini ya paa lako. Nitafutie chumba kwa mtu mwingine. Sitakula ukiniona, nawe usile nikikuona. Njiani utatangulia, mimi nitafuata nyuma. Haya ni ya kila mkwe katika ukoo wetu, mpaka siku ile mkwe anapomletea mama mkwe chakula, naye akakila mbele ya watu. Hapo tunasema kinywa kimefunguliwa, na tangu siku hiyo wanakaa meza moja kama mama na mwanawe. Wenzako wote walishafika hapo.

Wewe ungefika pia. Lakini mwaka juzi, mwezi wa Julai, tulimzika mume wangu Damien, na hukuja. Murielle hakuwa na karatasi za kusafiria, hilo tulilijua. Wewe ulikuwa nazo. Blanketi la kumfunika baba mkwe, ambalo ni kazi ya mkwe peke yake, lilibebwa na Jacques wa kwaya, mtu ambaye hana hata tone la damu yetu. Ulituma neno kwamba kazini hawakukuruhusu. Nilisimama mbele ya waombolezaji wote nikasema mimi sina mkwe, na maneno hayo sijayarudisha.

Basi ujue ninakuja kwa ajili ya mwanangu. Nikimkuta amekonda, nitarudi naye Johannesburg, yeye na mtoto wake. Nisingependa nikushtue siku hiyo, ndiyo maana nakwambia leo.

Mama Marcelline


Granada
27 Januari 2025

Mama mkwe ninayekuheshimu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia nikiwa nimetoka kuoka mikate, nikaisoma nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Pole kwa bati. Murielle hajambo, tumbo limeshuka, na usiku analalamika kwamba mtoto anacheza mpira. Daktari anasema huenda wakalazimika kumtoa kwa kisu, lakini hakuna la kuogopa. Mlima ulio juu ya mji umejaa theluji, tafadhali beba koti zito.

Chumba nimepata kwa Dona Pilar, bibi mjane anayekaa ghorofa moja juu yetu. Ana paka watatu na hana maneno mengi. Njiani nitatangulia kama ulivyosema, na nikifika kwenye kona nitasimama mpaka nione umefika.

Mama, kuna jambo moja la mji huu ambalo lazima nikueleze mapema, nisije nikaonekana sina adabu. Huku watu wanakula wamesimama, bega kwa bega, kwenye vilabu vidogo. Ukiagiza kinywaji chochote, hata soda, mhudumu anakuwekea na sahani ndogo ya chakula. Hujaiomba na huilipii. Ukiagiza soda ya pili, inakuja sahani nyingine. Ndiyo desturi yao. Nakuomba usije ukadhani kwamba ni mimi ninayekutumia. Siwezi kujaribu kukufungua kinywa kwa hila, kama mtu anayemwibia mama yake.

Kuhusu mazishi ya Papa Damien sina la kujitetea. Uliyoyasema mbele ya watu ulikuwa na haki ya kuyasema. Ninachoomba ni kwamba uje na moyo mweupe kwa Murielle.

Wako katika heshima,
Ezéchiel


Rosettenville
9 Machi 2025

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Nilifika salama, na magoti yamefika baada yangu. Mwambie Murielle kwamba tangu jana picha ya mume wangu mdogo iko ukutani karakanani, na kwamba Capitoline sasa amepata mpinzani. Wateja wananiuliza jina lake, nasema Damien, halafu inabidi nishike kitu cha kufanya kwa mikono.

Barua yako ya Januari imefika juzi. Posta ya hapa nayo ni kama mvua ya Juni, ikija utashangaa. Nimeisoma nimesimama pale getini, nikacheka mpaka mlinzi wa jirani akauliza kama ni habari mbaya. Kwa sababu, Ezéchiel, lile ulilonikataza kulidhani ndilo hasa nililolidhani. Na kwa kuwa siku zile zote ulikuwa umenipa mgongo, nami nimekupa wangu, hukuona sura yangu. Acha nikueleze yaliyokuwa yakitokea upande wa usoni.

Siku waliyomtoa mtoto kwa kisu, hospitali walituambia turudi jioni, wageni hawaruhusiwi mchana. Ulinikuta nimekaa kitako kwenye ngazi za nje, ukasimama mbali, ukaniambia kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta: "Mama, tutembee kidogo. Kukaa hapa kutakuua roho." Nikakufuata. Nilikufuata siku ile na siku zote zilizofuata, mpaka walipomruhusu Murielle kwenda nyumbani. Nimeujua mji ule kwa kufuata koti lako la kahawia.

Pale kwenye klabu ya kwanza ulisema: "Mama, huku batu banakulaka bamesimama, njo desturi yabo." Ukaenda ukasimama mwisho kabisa wa kaunta ukitazama mlango. Mimi nikaagiza soda. Nikaletewa soda na biringanya zilizokaangwa, zimemwagiwa asali nyeusi ya miwa. Sikuwa nimeziomba. Nikatazama mgongo wako. Nikajiambia, huyu ameanza. Ananitumia chakula kimya kimya, mbele ya watu, nikila tu atasema kinywa kimefunguliwa na ya Julai yamekwisha. Nikasukuma sahani. Lakini biringanya zilikuwa zikinukia, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni. Nikala moja tu, kwa ajili ya tumbo. Halafu nikazila zote kwa hasira. Koo likakauka, nikaagiza soda nyingine, ikaja sahani ya maharage mabichi na nyama ya nguruwe. Nikasema moyoni, loo, mtu huyu hana haya!

Kesho yake nilikataa kunywa chochote. Ulinipandisha mpaka kwenye ile ngome nyekundu ya wafalme wa zamani, na nilikuwa na kiu kama ngamia, huku maji yakipita kila mahali, kwenye vijifereji vya sakafuni, kwenye vinywa vya simba wa mawe, hata kwenye vishikio vya ngazi. Kuta zote zimeandikwa Kiarabu, zimechongwa kama lesi ya gauni la harusi. Mimi mshonaji niliziangalia zile kuta nikajiuliza ni nani aliyekuwa na macho ya kushona vile kwenye jiwe. Ningependa kumwambia mtu. Lakini ulikuwa mbele, na nilikuwa nimekununia.

Kwenye ule mtaa wa vilimani, wenye vichochoro ambavyo punda akikohoa anagusa ukuta, kile kibasi chekundu kilitokea ghafla, tukajibana ukutani wewe na mimi, bega langu kwenye bega lako. Uligeuza uso ukafunga macho kabisa. Nami nilifunga. Basi lilipopita, kila mmoja akajipangusa kama aliyeguswa na moto. Usiku ule kwa Dona Pilar nilicheka peke yangu kwenye blanketi, paka wakanishangaa.

Kesho yake ukanipeleka kwa masista wasioonekana. Unabisha, sauti inajibu ndani, kabati la duara linazunguka ukutani, na vileja vinatokea bila mkono wala uso. Pale nilikubali kwamba Wahispania nao wana adabu yao. Nikawaza, masista hawa wangeweza kuwa wakwe zetu.

Ni baada ya hapo, kwenye klabu ya karibu na mto, ndipo nilipomwona yule kijana Mjapani mwenye begi kubwa mgongoni. Aliagiza bia, akaletewa sahani. Nikajiuliza, huyu naye ni mama mkwe wa nani? Nikatazama kaunta yote. Kila mtu alikuwa na sahani! Wewe hukuwa umenitumia kitu, hata punje. Nilipaswa kufurahi. Nikushangaze, Ezéchiel, sikufurahi. Nilitazama zile sahani nikasikia kitu kimeshuka ndani yangu, kama mtu aliyejiandaa kumfukuza mgeni, halafu akafungua mlango akakuta hakuna aliyebisha.

Murielle sikumkuta amekonda. Hilo umelishinda.

Sasa nakuuliza jambo moja, nawe unijibu kama mtu mzima. Ile Julai, siku tuliyomzika Damien, ulikuwa wapi?

Mama Marcelline


Granada
14 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Damien ameanza kucheka, na anachekea zaidi taa kuliko baba yake. Murielle anakushukuru kwa vitenge, mtoto analala juu ya kile chenye samaki. Miti ya machungwa machungu barabarani imetoa maua, mji wote unanukia, na Dona Pilar ananiuliza kila siku "yule bibi" atarudi lini. Anasema hajapata mgeni anayetandika kitanda vizuri kama wewe.

Barua yako tumeisoma pamoja, tukacheka mpaka mtoto akaamka. Nami nina ya kukiri, na ukitaka kunitoza faini nitoze.

La kwanza, nilikuona ukila. Haikuwa kusudi. Kwenye ile klabu ya biringanya, nyuma ya kaunta kulikuwa na kioo kirefu kilichojaa chupa. Niligeuka kuutazama mlango, lakini kioo kilikuwa kinazunguka mpaka pembeni, na katikati ya chupa mbili nikakuona. Nilijua umekasirika kwa jinsi ulivyokuwa unatafuna. Lakini ulikuwa umekula, na tangu tulipompeleka Murielle hospitali sikuwa na hakika kama unakula. Nikaendelea kuangalia. Nisamehe.

La pili ni zito zaidi. Unakumbuka siku ya mwisho, kabla ya kwenda kumchukua Murielle, uliletewa sahani ya machungwa matamu yaliyokatwakatwa pamoja na makayabu, zeituni na kitunguu? Ulishangaa, samaki wa chumvi na machungwa, nikasikia nyuma yangu ukisema peke yako: "Eish, makayabu wamefika mpaka huku!" Nilipogeuka ulikuwa umepangusa sahani kwa mkate.

Sahani ile, Mama, haikuwa ya desturi. Klabu ile inatoa zeituni kavu tu. Nilikuwa nimepita pale asubuhi, nikamwomba mwenyewe aitengeneze, nikamwambia aiweke mbele yako kama wanavyowekewa wengine. Murielle aliwahi kuniambia kwamba makayabu ndicho chakula Papa Damien alichokuwa akikupikia Jumapili, mlipofika Johannesburg hamna kitu. Sikutaka kukufungua kinywa kwa hila. Nilitaka tu ule kitu cha kwenu kabla hujapanda ndege. Lakini nimekaa na jambo hili kama mwizi, na baada ya kusoma habari za yule Mjapani nimeona sina budi kusema. Ukiamua kwamba sahani ile haihesabiki, haihesabiki.

Kuhusu Julai uliyoniuliza: nilikuwa kazini, Mama, kama nilivyosema wakati ule. Naomba tusilirudie.

Mwanao mkwe, ukiniruhusu kujiita hivyo,
Ezéchiel


Rosettenville
1 Juni 2025

Baba Damien,

Nakuita hivyo kuanzia leo, na tazama jinsi Mungu anavyopenda mzaha: umekuwa baba wa mume wangu, kwa hiyo sasa wewe ni mkwe wangu mara mbili.

Huku baridi imeingia, nyasi zimekuwa njano, na kwenye robot, zile taa za barabara kuu, wameanza kuuza kofia za sufu. Cherehani inafanya kazi. Dona Lurdes aliugua mapafu mwezi uliopita, nikawa naenda kumpikia supu, na hata kitandani aliniambia kwamba gauni lake la mwisho nililishona vibaya.

Dona Lurdes huyo nimekutajia kila mara, hujawahi kuniuliza tunagombana kwa lugha gani. Kiingereza hakijui, Kiswahili hakijui, Kifaransa anakidharau. Miaka kumi na minane, mkwe wangu, nimegombana na wajane wa Rosettenville kwa Kireno. Ni Kireno cha pindo na vifungo, lakini kinatembea. Na Kihispania cha kwenu kiko jirani nacho mlango kwa mlango.

Kwa hiyo jioni ile hospitalini, siku aliyozaliwa mtoto, yule muuguzi mnene mwenye miwani alipokuja akakushika mkono, nilisikia. Mlidhani bibi mwenye kitambaa anatazama dirisha tu. Alikwambia: "Nakukumbuka. Wewe ndiye uliyelala kwenye kile kiti wiki nzima, ile Julai, mlipompoteza yule wa kwanza. Safari hii mnakwenda naye nyumbani." Nawe ulimjibu kwa sauti ya chini: "Tafadhali, mama yake hajui."

Nilikuwa na mjukuu mwingine, na sikumjua. Wiki ile ile niliyokuwa nikimlilia Damien, binti yangu alikuwa anamlilia mwanawe, na hamkutaka kuniongezea kaburi la pili. Najua Murielle ndiye aliyekuapisha. Ndivyo alivyo tangu utoto, alivunja kikombe cha babake akamwapisha nduguye, naye hajakiri mpaka leo, ingawa vipande niliviokota mimi. Na wewe ukakubali kuitwa mtu asiye na utu, ng'ambo ya bahari, mbele ya kwaya nzima, ukakaa kimya. Hata nilipokuuliza kwa wino umeniambia ulikuwa kazini. Nilikuuliza nikijua. Nilitaka kuona kama utajitetea.

Na blanketi nililiona. Wakati Murielle yuko hospitali nilipanda kufagia juu ya kabati lenu, nikakuta sanduku limefungwa tayari kwa safari, ndani yake suti nyeusi na blanketi zito la kijivu lenye pindo jekundu, kubwa la mtu mzima, la kwenda naye ardhini. Nilishona mapindo maisha yangu yote, najua blanketi la mkwe nikiliona. Nikakaa sakafuni na ufagio wangu nikalia. Nililirudisha kama nilivyolikuta. Na siku ya kumtoa mtoto hospitali, nilikwambia, kwa kuuambia ukuta, kwamba nje ni baridi, mkamfunge mtoto kwa kile kilichoko juu ya kabati. Hukuuliza nimejuaje. Ulikwenda mbio ukalileta. Wapo watakaosema ni mwiko. Mimi nasema Damien amefunikwa na mkwe wake, basi.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza, nikaendelea kukupa mgongo mpaka uwanja wa ndege. Maneno niliyoyasema mbele ya watu hayawezi kurudishwa sirini kwenye klabu ya ugenini. Yalitakiwa kurudishwa pale pale yalipotoka. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nimesimama mbele ya watu wale wale. Jacques wa kwaya alikuwepo, Capitoline alikuja ingawa si kanisa lake. Nilisema nina mkwe, na sababu za kutokuja kwake ninazijua, na hazimhusu mtu mwingine. Yule wa Julai sikumtaja. Nikiwa na Murielle tutamlilia wenyewe. Mwambie kwa upole kwamba najua, na asiogope simu yangu.

Sasa ile sahani. Nimefikiria sana kama inahesabika. Mkwe amemletea mama mkwe chakula, mama mkwe amekila, mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni Wahispania. Nimewauliza wazee wawili, nao wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni nikawaambia kinywa ni changu, mimi ndiye ninayejua kama kimefunguliwa. Makayabu yale niliyala nikimwona mume wangu amesimama jikoni na aproni yangu, akionja chumvi. Inahesabika.

Na kile kioo chako cha kwenye klabu, acha kujiona mwizi. Ulidhani kioo kinaona upande mmoja? Nami nilikuwa nakutazama katikati ya zile chupa. Hukugusa sahani yako mpaka mimi nilipomaliza yangu.

Julai mwaka huu tunajenga kaburi la Damien, tunaweka jiwe. Karatasi za Murielle zimetoka, Baba Damien, usinipe sababu. Njooni wote watatu, na blanketi lije na mwenyewe. Mtalala kwangu. Dona Lurdes amenielekeza duka la Mreno lenye samaki wa chumvi wazuri, na machungwa ya huku wakati huo yanakuwa matamu. Nitayachanganya kama mlivyofanya, ingawa Capitoline tayari ameshasema nimerukwa na akili.

Nitaandaa sahani moja. Kiti chako nimekiweka upande wa pili wa meza, kinatazama changu. Mgongo wako nimeshauona vya kutosha.

Mama yako,
Marcelline